Simu ya Mama Juu ya Mafiga

Simu mpya inayokaa na chaji siku mbili kule Dar es Salaam, ukiileta Njombe mwezi wa saba inakuzimikia mchana kweupe huku ikidai bado ina nusu. Wauzaji hawalisemi hili. Umesimama kwenye ukungu, vidole vimeingia ganzi, unaitoa mfukoni umpigie mtu, kioo kinawaka, kinakuonyesha chaji ya kutosha kabisa, halafu giza. Ukiirudisha ndani ya koti na kuikumbatia kama kifaranga, baada ya muda inafufuka yenyewe na kukuonyesha chaji ileile. Nimezaliwa kwenye baridi hii na kazi yangu ni kufuma masweta, lakini sikuwahi kufikiri kwamba hata simu inasikia baridi.

Mambo ya betri yalianza kunihusu kwa sababu ya mama. Anaishi kijijini, nje ya mji wa Njombe, kwenye nyumba ileile tuliyokulia, yenye jiko la nje lililojaa masizi. Watoto wake tuliokuwa tumebaki ni wawili. Mimi nipo Makambako, mtaa wa Lyamkena, na mashine yangu ya kufumia masweta ya shule. Mdogo wangu wa mwisho aliteremka Ludewa akiwa kijana, akaanza biashara ya kupandisha samaki kutoka ziwani Lupingu, akaoa huko na kujenga huko. Kisha ini lake likaharibika. Alilazwa hospitali Ludewa, akatoka, akarudishwa, na kila aliporudishwa alikaa wodini muda mrefu kuliko mara iliyotangulia. Mimi nilikwenda kumwona mara moja wakati wa mvua, alipokuwa bado anatembea mwenyewe hadi chooni na kunitania kwamba nimenenepa. Mama hakuweza kwenda. Alikuwa ameteleza kwenye matuta ya viazi akavunjika nyonga, na daktari alituambia wazi kwamba kumkalisha kwenye gari kwa zile kona za Ludewa ni kumvunja upya.

Kwa hiyo walizungumza kwa simu. Mama alikuwa na kitochi chake, simu ya batani ambayo ukiichaji leo unasahau ni lini tena. Kila Jumapili baada ya ibada alimpigia mwanawe, na mwanawe alimjibu kwamba hajambo, anaendelea vizuri, wiki ijayo huenda wakamruhusu. Mama alikata simu akiwa amenuna. Alikuwa na sababu. Baba yetu alikuwa mpasua mbao, aliugua akiwa kambini mbali na nyumbani, na kila aliyetoka kule alituletea salamu kwamba mzee anaendelea vizuri. Siku aliyoletwa, mama alimpita pale kituoni bila kumtambua, kwa jinsi alivyokuwa amekwisha. Hawakumaliza pamoja hata mwezi, akafa. Tangu hapo, ukitaka kumpandisha mama presha, mwambie mgonjwa anaendelea vizuri.

"Sauti haikondi," aliniambia. "Mimi nataka nimwone."

Nikamnunulia simu ya kupangusa pale Makambako. Dada aliyeniuzia alikuwa mjuzi na mwenye maneno mengi. Alinifundisha kushusha mwanga wa kioo hadi chini, kuwasha hali ya kubana matumizi, kuzima ile ya kuonyesha mahali ulipo, kufungua data pale tu unapoihitaji na kuifunga ukimaliza. Alisema nisiiache ife kabisa ndipo niichaji, na nisiilaze kwenye jua ikiwa kwenye chaji. Nilimsikiliza kama mtoto wa kipaimara mbele ya mchungaji. Nyumbani kwa mama hakuna umeme. Nguzo zimepita barabarani zikaelekea kwa wenye nazo, na yeye ana kisola kimoja juu ya bati ambacho wakati wa ukungu hakichaji hata tochi. Nilijua kila tone la chaji litakuwa na kazi yake, nikaifanyia simu yangu pia mambo hayohayo ili nijue namfundisha nini.

Kumbe sikuwa na cha kumfundisha. Kwa kubana, mama hana mpinzani. Ni mwanamke anayefukia makaa kwenye majivu jioni na asubuhi anayakuta mazima, anayegandisha vipande vya sabuni vilivyobaki mpaka vinakuwa mche mpya. Nilipomwambia kwamba mwanga wa kioo ndio unaokula chaji, aliushusha mpaka mimi mwenyewe sikuona kitu. Nilipomwekea picha nyeusi kwenye kioo, kwa kuwa yule dada alisema inasaidia, aliuliza mbona nimeiwekea msiba, lakini alipoambiwa sababu akakubali. Akimaliza kuongea anafunga data, anaifuta simu kwa kitenge, anaitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Chaji ya Jumapili ilimfikisha Alhamisi. Nilijisikia fahari, nasema ukweli.

Shida ilikuwa upande wa pili. Jumapili nilizopanda kijijini, mama akipiga ya video, mdogo wangu anapokea, na tunachokiona ni dari. Mara nyingine bega, mara nyingine pazia la kijani la wodini. Mama anamwambia ageuze simu, anasema anageuza, picha inayumba, kisha anasema, "Mama, chaji inaisha," na simu inakatika. Jumapili ya kwanza tulimsikitikia. Zilizofuata ikawa hivyohivyo. Mama akaamua kumsaidia. Akawa anamweleza kwa sauti ya mwalimu jinsi ya kushusha mwanga na kufunga data, mafunzo yote ya yule dada wa Makambako, pamoja na yake aliyoongeza mwenyewe. Na yeye akazidi kubana ya kwake, kama vile chaji ya Njombe ingeweza kuteremka hadi Ludewa ikamsaidie mwanawe.

Ilinikera. Nikampigia shemeji yangu, mke wa mdogo wangu, kumuuliza kama hospitali nzima haina mahali pa kuchomeka waya, na kama shida ni chaja niitume na basi.  Akaniambia kwamba simu ipo kwenye umeme usiku na mchana, waya umechomekwa hapo kichwani pa kitanda. Mume wake hataki kuonekana. Amemwambia kwamba mama akimwona alivyo sasa, atatangulia yeye kufa.

Nilikasirika sana. Nilimkasirikia mgonjwa, na sioni aibu kusema hivyo. Mama anakaa gizani anabana chaji, anamfundisha mtoto wake kutunza betri, na mtoto anamchezea dari. Nikamwambia shemeji ampe simu. Nilimwambia mdogo wangu kwamba anachokifanya ndicho kilichofanywa na watu wa kule kambini kwa baba. Alipumua kwa shida, nikasikia.

"Kaka," alisema, "wewe hujaniona nilivyo sasa."

 Nikarudi kwenye mashine yangu nikafuma kola za masweta siku nzima, na zote nilizifumua kesho yake.

Mwezi wa saba baridi ikaja yenyewe hasa, ile ya kuganda umande kwenye majani. Simu ya mama ikaanza kuzimika. Alinipigia kwa simu ya jirani akiwa na huzuni ya kweli, akanieleza kwamba inazimia, kwamba anaiacha na chaji nyingi asubuhi na akiigusa mchana haiwaki. Nilimwambia ni baridi, betri haipendi baridi, aifunge kiunoni ndani ya kitenge ikae na joto la mwili. Akajaribu. Siku aliyoinama kupuliza moto ikamchomoka, ikaangukia ukingoni mwa mafiga, nusura iingie kwenye makaa. Ndipo akatafuta njia yake.

Jikoni kwetu, juu ya mafiga, kuna dari la miti. Jiko lolote la Kibena la zamani linalo. Hapo ndipo zinapokaa mbegu za mahindi, zikiwa kwenye magunzi yake, zikipata moshi na joto msimu mzima ili zisiliwe na wadudu wala zisishikwe na unyevu. Mama alifikiri hivi: baridi na unyevu ndivyo vinavyoiua simu, dari ndilo linaloshinda baridi na unyevu, basi simu ipande darini. Akaiweka kwenye kopo lake, katikati ya mbegu. Na ikakubali. Hilo ndilo lililomponza. Simu haikuzimika tena, kila akiishusha ilikuwa ya moto kama kiazi na inawaka mara moja. Akawaambia wenzake wa kwaya ya akina mama. Muda si mrefu bibi wawili wa jirani nao wakaleta vitochi vyao, wakavipanga pale juu kwenye moshi, na mama akawa mlinzi wao.

Nilipopanda kijijini Jumamosi moja nikakuta vitochi vyote vizima. Simu ya mama ilikuwa imevimba. Mgongo ulikuwa umetuna kama andazi, kioo kimeinuka upande mmoja, na harufu yake ilikuwa ya moshi na kitu kingine kikali. Nilipaza sauti. Nilimwambia mambo ya betri na joto ambayo hakuna mtu aliyewahi kumwambia, na niliyasema kana kwamba angepaswa kuyajua tangu utoto. Aliniacha nimalize.

"Kule juu mbegu haijawahi kufa," alisema.

Niliipeleka mjini kwa fundi. Hakutaka hata niiweke mezani kwake, alinielekeza niiache nje kwenye mchanga kwa sababu ikipasuka itamuunguzia duka. Betri ya aina ile hakuwa nayo, ilibidi iagizwe, na yeye mwenyewe hakujua itafika lini. Nikarudi kijijini mikono mitupu na kulala kwa mama. 

Kesho yake, baada ya ibada, tulikuwa jikoni tukiota moto. Nje ukungu ulikuwa umefunika hata mti wa parachichi ulio mlangoni. Simu yangu ikaita, shemeji kutoka Ludewa. Alizungumza haraka na kwa sauti ya chini. Alisema mgonjwa hali chakula tangu juzi, daktari amewaita akazungumza nao, na sasa hivi amefumbua macho akamtaka mama. "Amekubali," alisema. "Piga ya video, shemeji. Usichelewe."

Niliangalia chaji yangu. Ilikuwa imebaki kidogo zaidi ya robo, na robo ya mwezi wa saba haina uhakika. Kisola kilikuwa hakijaona jua tangu Ijumaa. Pawabenki yangu niliiacha Makambako juu ya mashine. Pale dukani njiapanda, ambako watu huchajisha, umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Nikafunga kila kitu kinachofungika kwenye simu ile. Nikamsogeza mama karibu na moto, nikaishika simu mbele yake huku mgongo wa simu nikiufunika kwa kiganja ili isipoe, nikapiga.

Ikapokelewa mara moja. Safari hii haikuwa dari. Shemeji alikuwa ameishika simu mbele ya uso wa mume wake, nami kutoka pembeni niliona kitu kama kivuli kikisogea. Mama, ambaye jicho lake moja lina mtoto wa jicho, alisogeza uso karibu mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.

"Kamwene, mwanangu," alisema.

"Kamwene, mama."

"Uko wapi? Mbona giza tu?"

Nikamwambia kwamba nimeushusha mwanga ili tuongee muda mrefu, nikiupandisha chaji itakwisha. Hapo aligeuka akaniangalia mimi. Alikuwa amebana kwa wiki nyingi, chumvi na chaji na makaa, na sijawahi kumwona ametoa macho namna ile.

"Ya kazi gani sasa hiyo chaji?" aliniuliza. "Washa wote."

Nikaupandisha mwanga mpaka mwisho. Jiko likang'aa kwa uso wa mdogo wangu. Mashavu hayakuwepo. Macho yalikuwa ya njano, njano ya boga, na ngozi ya paji la uso ilikuwa imevutwa nyuma kama ya mzee. Nilimwonea huruma mama na nikajionea huruma mimi mwenyewe, na ile hasira yangu yote niliyokuwa nimeitunza ikaniishia palepale. Mdogo wangu alikuwa anatazama pembeni, kwa shemeji, kama mtoto aliyekamatwa.

"Niangalie," mama alimwambia.

Akageuza macho akamwangalia. Walikaa hivyo. Mimi nilikuwa naiona namba ya chaji pale juu ikishuka, na sikuugusa mwanga.

"Umekwisha, mwanangu," mama alisema.

"Ndiyo, mama. Nimekwisha."

Hakuna aliyelia. Nilitegemea mama aanguke, nilikuwa nimeshaandaa mkono wa kumdaka, lakini alikaa sawasawa kwenye kigoda chake na kuanza kumuuliza maswali ya mtu anayeuguza. Miguu imevimba? Imevimba. Tumbo linauma upande gani? Nani anamwogesha? Akamwambia shemeji asimwogeshe kwa maji ya baridi, na shemeji akaitikia. Akamuuliza kama anasali. Akasema akiweza. Mama akamwambia asipoweza aache tu, yeye atamsalia. Kisha akainyoosha ile mikono yake yenye masizi, akakiweka kidole gumba kwenye kioo, pale kwenye shavu, na kwa kugusa kwake kioo kikaleta vitufe vyekundu na vyeupe juu ya uso wa mwanawe, nikavifuta haraka kabla hajabonyeza pa kukatia. Mdogo wangu akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo kikavu, lakini kilikuwa chake, nilikifahamu.

Simu ilizimika akiwa bado anacheka. Nilikuwa nimeona namba yenyewe, ilikuwa bado haijafika mwisho, ni ile baridi tu. Niliitia kwapani, ndani ya sweta, nikaibana.  Mama alikuwa anaangalia viganja vyake. Baada ya muda simu ikarudi, nikapiga tena, na shemeji akapokea kwa sauti ya chini akasema amelala. Hakuzungumza tena na mtu, si na sisi wala na mke wake. Alikufa katikati ya wiki hiyo.

Aliletwa Njombe azikwe karibu na baba. Shemeji na ndugu zake walipanda naye kwenye pikapu ya kukodi, wamefunika jeneza kwa turubai, wote wamekuwa wekundu kwa vumbi la kule chini mpaka walipokutana na ukungu wetu likagandia usoni mwao. Watu walikuwa wengi. Akina mama wa kwaya waliimba, mchungaji akahubiri kwa kifupi kwa sababu ya baridi, kisha ukatangazwa muda wa kuaga. Kwetu mtu haendi kaburini bila mama yake kumwona uso, na ikitokea hivyo watu huongea mwaka mzima. Mzee wa kanisa akafungua kifuniko cha juu. Ndugu wa Ludewa wakapita kwanza, halafu mimi, halafu majirani, msururu ukazunguka nyumba, na mama akaachwa awe wa mwisho kama ilivyo desturi.

Wanawake wawili walimshika huku na huku, na mkongojo wake nikaushika mimi. Tulimsogeza polepole. Zilipobaki hatua chache alisimama. Walidhani nyonga imemkamata, wakataka kumbeba. Akatikisa kichwa. Mzee wa kanisa akamwambia kwa upole, mama, njoo umwone mwanao.

"Nilishamwona," mama alisema. "Na yeye alikuwa ananiona."

Watu walisubiri abadili mawazo. Hakubadili. Alinyoosha mkono akauchukua mkongojo wake kutoka kwangu, akageuka, akaanza kurudi ndani peke yake. Mzee wa kanisa akaniangalia mimi, nikamwambia afunge.